Mahali pa Kumlaza Mgeni: Uhakiki wa Majengo na Viwanja vya Mazishi, Bagamoyo na Pwani Yake

Utangulizi

Mwaka uliopita rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchora majengo, aliniletea ramani. Taasisi moja, ambayo hapana haja ya kuitaja, inakusudia kujenga ukumbi wa mazishi kando ya barabara iendayo Bagamoyo kutoka Dar es Salaam. Juu ya ramani yaliandikwa maneno yaliyonifurahisha na kunitia mashaka kwa wakati mmoja, kwamba jengo hilo ni la watu wa dini zote na wasio na dini. Rafiki yangu alitaka maoni ya mchungaji. Nilimwahidi jibu baada ya wiki moja. Wiki ile imekuwa miezi, na jibu lenyewe limekuwa makala haya.

Nimeona vyema kuliandika jibu hilo kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu sisi watumishi wa Neno kuliko linavyowahusu mafundi. Fundi huchora anachoambiwa. Sisi ndio tunaosimama mbele ya jeneza, nasi ndio tunaoamua, mara nyingi bila kufikiri, nani aingie ndani na nani abaki nje. Nitaanza kwa kuihakiki ramani. Kisha nitawaalika wasomaji watembee nami katika viwanja vya mazishi vilivyopo tayari Bagamoyo, maana pwani hii imekuwa ikiwalaza wageni tangu karne nyingi kabla yetu. Baadaye nitatazama mfano wa Kanisa la Kilutheri la Sweden, na mwisho nitauliza imani yetu inatupa ruhusa gani na inatuwekea mpaka gani.

1. Ramani iliyoletwa mezani

Ukumbi uliochorwa ni wa mviringo, wenye nafasi ya watu wapatao 200. Viti vimefungwa sakafuni, vyote vinaelekea jukwaa moja lenye kipaza sauti. Hakuna msalaba, hakuna mwezi, hakuna maandiko ukutani. Madirisha ni ya kioo na hewa inapozwa kwa mitambo. Nje kuna uwanja mpana wa magari. Ni mchoro safi, na ni dhahiri kwamba aliyeuagiza alitaka asimwudhi mtu yeyote.

Lakini tuutazame tena. Kiongozi anasimama jukwaani na kunena, watu wanakaa wakisikiliza, viti vinawazuia kusogea. Hili si jengo lisilo na dini. Hili ni kanisa la Kiprotestanti lililovuliwa msalaba! Aliyelichora amedhani kwamba mazishi ni hotuba, na ya kwamba ukiondoa alama ukutani umewapa watu wote mahali sawa. Kumbe dini haikai katika alama tu, bali pia katika sakafu, katika maji, na katika mwelekeo wa mwili.

Mwislamu ataswaliwaje humo? Sala ya jeneza husaliwa kwa kusimama, haina rukuu wala sijida, na wenye kusali hupanga safu nyuma ya imamu wakielekea kibla. Penye viti vilivyopigiliwa hapana safu, na katika chumba cha mviringo kibla hakionekani. Kabla ya sala maiti huoshwa na kukafiniwa, na ramani haina chumba cha kuoshea. Mhindu huihitimisha safari ya mwili kwa moto, na moto haumo. Hata sisi wenyewe, tukiimba tukizunguka jeneza, au kina mama wakitaka kukaa chini kwenye jamvi karibu na mfiwa, tungejikuta tumefungwa kwenye viti kama wasafiri ndani ya basi.

Upungufu mkubwa zaidi umo nje ya mlango. Ramani ina nafasi ya magari mengi, lakini haina mti hata mmoja, wala benchi, wala bomba la maji. Mwenye desturi za pwani anajua kwamba sehemu kubwa ya msiba hufanyika nje. Wanaume hukaa nje, wageni hupokewa nje, chakula hupikwa nje. Jengo lisilo na nje limewasahau nusu ya waombolezaji.

2. Kosa langu mwenyewe

Siandiki haya kama mtu aliyeyajua tangu mwanzo. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mchungaji kijana katika usharika mmoja wa pwani, alifariki mzee mmoja aliyebatizwa ukubwani. Dada zake na wapwa zake walikuwa Waislamu, kama zilivyo familia nyingi za huku. Watoto wake walitaka ibada kanisani, nami nilikubali, kama ilivyonipasa. Lakini wale dada walipoomba wakae na ndugu yao kitambo kabla ya jeneza kuingizwa, nilikataa, kwa kuwa saa ilikuwa imefika na niliogopa, nakiri, kwamba wangesoma dua zao mlangoni pa kanisa.

Tuliingia, tukaimba, nikahubiri kwa muda mrefu. Tulipotoka niliwakuta wale kina mama wamesimama pembeni mwa ukuta, juani, maana kanisa letu halikuwa na kivuli wala mahali pa kukaa. Nilimwamkia mkubwa wao, "Shikamoo, mama." Akaitikia "Marahaba," kisha akaniambia taratibu, bila hasira, "Mwanangu, huyu tumemlea sisi. Leo umetuweka juani."

Nimehubiri mazishi mengi tangu siku ile, na sijalisahau neno hilo. Mahubiri yangu yalihusu upendo wa Mungu. Jengo lilihubiri jambo lingine, na wale kina mama walilisikia jengo kuliko walivyonisikia mimi. Tangu hapo nimekuwa nikiyatazama majengo kama mtu asomaye hotuba.

3. Bagamoyo: mahubiri ya mawe

Anayetaka kuyasoma mahubiri ya namna hiyo na aende Bagamoyo. Aanzie Kaole, yapata kilomita 5 kusini ya mji, penye magofu ya misikiti miwili, wa zamani zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi 22 ya mawe ya matumbawe. Baadhi yana nguzo ndefu zilizosimamishwa upande wa kichwani, kama ilivyo pia Kunduchi, ambako nguzo zilipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Tufikiri maana yake: chombo kilichofinyangwa upande wa pili wa bahari kimewekwa juu ya kaburi la Mwislamu wa Kiafrika kuwa heshima yake. Watu wale hawakuona kwamba kitu cha mgeni kinamtia unajisi marehemu wao. Na hata leo wako wanaokwenda kuomba kwenye kaburi moja la Kaole, lile la Sharifa. Sisi Walutheri hatuwaombi wafu, na sitaki kuficha tofauti hiyo. Lakini kwa upande wa usanifu yafaa tukiri kwamba makaburi yale hayana mlango wa kumfungia mtu. Yanasimama uwanjani, chini ya anga, na kila apitaye anaweza kunyamaza mbele yake.

Kaole inatufundisha jambo jingine ambalo sijaliona limeandikwa katika ramani yoyote. Makka iko karibu kaskazini halisi ya Bagamoyo. Kwa hiyo kaburi la Mwislamu katika pwani hii huchimbwa kwenye mstari wa mashariki na magharibi, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kaskazini. Nasi Wakristo, kwa desturi yetu ya kale, tunamlaza mtu kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya ufufuo asimame akilitazama jua linalochomoza. Ukiyaweka pamoja utaona kwamba makaburi hayo mawili yanafuata mstari uleule mmoja. Mmoja anatazama kaskazini, mwingine anatazama mashariki ilipo bahari, lakini jembe linalowachimbia halina haja ya kugeuzwa. Sidai kwamba jiografia ni theolojia. Nasema tu kwamba anayepima uwanja wa mazishi Bagamoyo hana kisingizio cha kusema kuwa haiwezekani kuwalaza watu hawa katika shamba moja kwa utaratibu mmoja.

Kutoka Kaole twende kwenye misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Huko yako makaburi ya wamisionari, na wengi wao walikufa wakiwa bado vijana. Huko pia umesimama mnara wa kanisa lao la kwanza, uitwao hadi leo Mnara wa Livingstone. Wasomaji wanakijua kisa. Daktari David Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wake ulizikwa kule, na ibada ilisomwa na Jacob Wainwright, kijana aliyewahi kuokolewa utumwani. Kisha Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili kwa miezi mingi mpaka pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ulipokewa katika misioni hiyo kabla ya kuvushwa baharini, ukazikwa Westminster Abbey Aprili mwaka uleule.

Kisa hiki husimuliwa kwa watalii kama sifa ya Mwingereza. Mimi naomba tukisome kama kisa cha jengo. Marehemu alikuwa Mprotestanti, aliyetumwa Afrika kwanza na Chama cha Misioni cha London. Waliombeba walikuwa Waafrika wa malezi na imani mbalimbali. Waliompokea walikuwa Wakatoliki, tena katika karne ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliitana wazushi bila kuona haya. Hata hivyo mapadre hawakuubomoa msalaba wao ili wampokee. Wala hawakudai kwamba mwili ule uwe wa Kikatoliki ndipo ulazwe kwao. Walitoa mahali, nao ukalazwa. Tukitafuta mahali ambapo mwambao huu ulimlaza mfu wa imani nyingine bila mwenyeji kuacha imani yake, mnara ule unatosha kuwa mfano wa kwanza.

Mfano wa kinyume hauko mbali. Karibu na ufuo yako makaburi ya Wajerumani yapatayo 20, ya miaka ya 1889 hadi 1894, wengi wao wakiwa wamekufa katika vita vya kuwakandamiza watu wa pwani waliosimama na Abushiri bin Salim. Yamezungushiwa ukuta, yanatunzwa, yana misalaba na majina. Mwendo mfupi kutoka hapo liko jiwe la kumbukumbu mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga wananchi waliokataa utawala wao. Jiwe hilo linataja kitendo, lakini halitaji majina. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889.

Sisi Walutheri hatuwezi kupita hapo kama watalii. Wamisionari wa Kiinjili walifika Dar es Salaam mwaka 1887, katika msafara uleule wa historia. Ukuta ule na misalaba ile viliwaambia watu wa Bagamoyo msalaba ni wa nani na jina la nani lafaa kuandikwa. Yeyote anayeshangaa kwa nini Mwislamu wa pwani husitasita kuingia katika jengo letu la mazishi, hata tukimkaribisha kwa moyo mweupe, na asimame kwanza kati ya ukuta ule na jiwe lile.

4. Turubai na ukumbi

Baada ya mawe tuje kwenye kitambaa. Jengo la mazishi linalotumika kuliko yote katika pwani yetu ni turubai. Husimamishwa asubuhi mbele ya nyumba ya mfiwa, viti na majamvi hukusanywa, sufuria hupandishwa mekoni, daftari la rambirambi hufunguliwa. Jirani Mwislamu hubeba jeneza la Mkristo mpaka kaburini, na jirani Mkristo hukaa kimya wakati wa dua. Watani hufika na mizaha yao, wakadai fedha na kuigiza tabia za marehemu, na hakuna anayewafukuza. Hakuna kamati ya dini mbalimbali iliyokaa kupanga mambo hayo. Ujirani umeyapanga.

Turubai lina sifa tatu ambazo ramani yangu haina. Kwanza, halina mlango, kwa hiyo hakuna anayekuwa nje. Pili, halina upande wa mbele uliokazwa. Mchungaji akifika viti vinageuzwa kwake, na shekhe akifika vinaondolewa. Tatu, lina nafasi ya kazi. Mtu asiyejua la kusema hukata vitunguu, na hiyo ndiyo liturujia yake.

Sisemi kwamba turubai linatosha. Mji umesongamana, barabara hufungwa, nyumba za kupanga hazina uwanja. Mvua za masika hazimheshimu mfiwa. Kwa sababu hizo msiba wa mjini umehamia kumbini na viwanjani. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, aliagwa katika viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, mbele ya umati mkubwa mno, akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Reginald Mengi, Mlutheri mwenzetu, aliagwa Mei 2019 katika Ukumbi wa Karimjee kabla ya kusafirishwa kwenda kuzikwa Machame. Ukumbi huo una jina la familia ya Kiislamu ya Kibohora iliyoutoa kwa ajili ya mji, na Bunge la nchi lilikutana humo. Si jengo lililochorwa kwa ajili ya maiti. Hata hivyo limepokea waombolezaji wa kila imani, nadhani kwa sababu limezungukwa na bustani yenye miti. Watu hungoja kivulini.

Hapo pana neno la kujihukumu. Walutheri wengi wa Dar es Salaam na Bagamoyo ni wenyeji wa bara. Huaga pwani na kuzika nyumbani, kule Kilimanjaro, Kagera, Iringa au kwingineko. Kwa hiyo Kanisa letu limeikalia pwani zaidi ya karne moja likiwa kama msafiri aliyefunga mizigo. Tumejenga makanisa, shule na zahanati, lakini kwa habari ya mahali pa kulala wafu tumekuwa tukitazama basi la kwenda bara. Wanaobaki huku ni wenyeji wa Kisarawe na Maneromango, maskini ambao ndugu zao hawana nauli ya jeneza, na wale wasiojulikana wanaozikwa na halmashauri. Nani anayewachorea hao ramani?

5. Mfano wa Sweden

Wale wanaoona kwamba jambo hili ni geni kwa Walutheri watazame Sweden. Mwaka 2000 Kanisa la Sweden lilitenganishwa na serikali. Hata hivyo sheria ililiachia Kanisa kazi ya kutunza makaburi karibu nchi nzima, isipokuwa Stockholm na mji wa Tranås, ambako kazi hiyo ni ya manispaa. Gharama hulipwa kwa ada ya mazishi ambayo kila mwenye kipato hutozwa, awe mshirika wa Kanisa au la. Kwa ajili hiyo mwenye kusimamia makaburi analazimika kutoa mahali pa kuagia pasipo alama za dini, na kuhakikisha kuwa wasio Wakristo wanapata sehemu zao za kuzikwa. Yaani Kanisa la Kilutheri limekuwa mtunza makaburi wa Waislamu na wa watu wasioamini lolote.

Stockholm yenyewe ina uwanja mashuhuri wa makaburi msituni, uitwao Skogskyrkogården, uliochorwa na Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz baada ya shindano la mwaka 1915, na kuingizwa mwaka 1994 katika orodha ya urithi wa dunia. Wasanifu hawa hawakuikata misonobari ili wapate uwanja. Waliwalaza wafu katikati ya miti iliyokuwapo. Jengo la kuchomea maiti lilimalizika mwaka 1940, nalo lina vikanisa vitatu: cha Imani, cha Tumaini na cha Msalaba Mtakatifu. Kila kundi la wafiwa lina chumba chake cha kungojea, ili huzuni ya hawa isisukumane na huzuni ya wale. Nje, mbali kidogo na milango, umesimama msalaba mkubwa wa mawe, peke yake uwandani. Atakaye huuendea, na asiyetaka hupita.

Mfano huu una mengi ya kusifiwa, lakini nina mashaka mawili. La kwanza, chumba kisicho na alama, kama sheria ya kule inavyotaka, hukidhi haki ya raia, ila hakikidhi njaa ya mfiwa. Ukuta mtupu haumfariji asiyeamini kuliko unavyomfariji aaminiye. Yeye naye ana picha ya marehemu, ana wimbo alioupenda, ana marafiki wanaotaka kunena. Anahitaji mahali pa kuviweka hivyo, na utupu si mahali. La pili, mpango ule umejengwa juu ya serikali yenye mkono mrefu na ukimya wa watu wa kaskazini. Huzuni yetu haikai chumbani kungoja zamu. Tukiiga jengo la Stockholm bila kuuliza, tutapata kioo na ubaridi, kama ramani yangu ilivyopata.

Tunachoweza kujifunza ni kile kivuli cha miti na ule msalaba uliosogezwa kando bila kuondolewa.

6. Imani yetu inaruhusu nini?

Hapa najua baadhi ya wasomaji wana swali zito. Je, huku si kuchanganya dini? Je, mchungaji anayetoa mahali pa dua ya Kiislamu hakuikana imani yake?

Tuanze na Maandiko. Kipande cha kwanza cha nchi alichokimiliki Ibrahimu kilikuwa kaburi. Alisimama mbele ya wana wa Hethi akiwa mgeni na msafiri, akanunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, ili amzike Sara (Mwa. 23). Baba wa imani alizika wafu wake kwa fadhili ya watu wasio wa imani yake, nao hawakumwuliza anamwabudu nani. Bwana wetu mwenyewe alilazwa katika kaburi la mtu mwingine (Mt. 27:60). Na zile fedha za usaliti, ambazo makuhani waliona hazifai sanduku la hekalu, zilinunua shamba la mfinyanzi liwe mahali pa kuzikia wageni (Mt. 27:7). Ni jambo la kutetemesha. Hekalu lilikuwa na nafasi kwa kila kitu ila kwa mgeni aliyekufa, na mgeni akapata kaburi kwa bei ya damu ya Kristo. Tafsiri yoyote tutakayoichukua, kanisa linalomkataa mgeni aliyekufa limesimama upande wa makuhani wale.

Tuje kwa Luther. Katika waraka wake wa mwaka 1527 juu ya kuikimbia tauni, alitoa shauri kwamba makaburi yawe nje ya mji, mahali patulivu ambapo mtu anaweza kwenda kuwaza juu ya mauti na ufufuo. Alilalamika kwamba uwanja wa makaburi wa Wittenberg ulikuwa njia ya kila mtu na wenye kelele kama soko. Tuangalie kwamba hakusema udongo wenyewe unaokoa. Mazishi kwetu si sakramenti. Ni kazi ya huruma na ni ungamo la tumaini. Tena Ungamo la Augsburg, kifungu cha 7, linafundisha kwamba umoja wa Kanisa unasimama katika Injili na sakramenti, na si lazima taratibu zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Umbo la ukumbi wa mazishi limo katika taratibu hizo.

Basi naona yatupasa kutofautisha mambo mawili: kutoa mahali na kutoa neno. Mahali ni maji, kivuli, sakafu, benchi na kaburi. Hivyo ni mali ya Muumba, awapaye jua na mvua wenye haki na wasio haki, nasi tukivitoa kwa jirani tunatimiza amri ya upendo. Neno ni jambo lingine. Neno la msalaba hatuwezi kulipunguza ili lienee kwa wote, wala hatuwezi kulitia kinywani mwa shekhe, wala yeye hawezi kutia lake kinywani mwetu. Ibada ya mchanganyiko, ambamo kila mmoja anasema nusu ya anachoamini, haimheshimu yeyote. Kwa sababu hiyohiyo sikubali kwamba msalaba uondolewe kanisani kwetu uwe bei ya ukarimu. Wazee wetu walioandika Kanuni ya Mapatano walionya, katika kifungu cha 10, kwamba hata jambo lisilo la lazima halibaki huru pale tunapolazimishwa kuliacha kama ishara ya kukana. Mapadre wa Bagamoyo hawakuondoa msalaba wao mwaka 1874. Walifungua mlango.

Na wasio na dini? Yafaa tuwe wakweli. Wako wachache waliofikiri na kuamua kutoamini, nao wana haki ya kuzikwa bila kuhubiriwa wakiwa hawawezi kujibu. Lakini wengi wa hao tunaowaita wasio na dini katika pwani yetu tumewafanya sisi wenyewe. Ni yule aliyetengwa kwa ajili ya ndoa na hakupata kurudishwa. Ni aliyejinyonga. Ni mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo, na mama yake akaambiwa kwamba mchungaji hatakuja. Kwa hao tumekuwa na kanuni, lakini hatukuwa na mahali. Nidhamu ya Kanisa ina kazi yake kwa walio hai, ili watubu. Kwa maiti haina kazi yoyote iliyobaki, isipokuwa kuwaadhibu wafiwa.

Hitimisho: baraza

Nimemjibuje rafiki yangu? Nimemwambia avunje mviringo na kuanzia kwenye baraza.

Kila mwenyeji wa mwambao anajua baraza ni nini: lile benchi la mawe mbele ya nyumba ya Kiswahili, chini ya upenuo, ambapo mgeni hukaribishwa kabla ya kuulizwa haja yake. Aliye barazani hayuko njiani, wala hajaingia ndani. Amepokewa, na heshima ya mwenye nyumba haijavunjwa. Waswahili walikuwa wamelitatua tatizo la ramani yangu kabla ya sisi kuja na vitabu vyetu.

Basi, jengo liwe na baraza pana kulizunguka, lenye benchi na miti ya miembe au mikungu, pamoja na mtungi wa maji ya kunywa. Liwe na chumba safi cha kuoshea maiti, chenye maji tele na faragha, ambacho Mwislamu na Mkristo wote watakitumia, kwa maana sisi nasi huwaosha wafu wetu. Ukumbi uwe wa pembe nne, ukuta mmoja ukielekea kaskazini na mwingine mashariki, na viti visifungwe sakafuni. Liwe na jiko. Liwe na upande wa kina mama kukaa chini bila kupitiwa juu. Kikanisa kisimame kando, na msalaba wake uonekane wazi, mlango wake ukiwa wazi pia. Na kwenye kibao wasiandike "dini zote", maana pasipo moto neno hilo si kweli kwa Mhindu. Waandike tu mahali pa kuaga na kuzika, na walioandikwa makaburini waandikwe kwa majina, hata kama jina pekee tulilonalo ni siku walipookotwa.

Rafiki yangu alinijibu kwamba baraza litaongeza gharama, na kwamba itambidi apunguze magari. Nikamwambia apunguze. Wanafunzi wa theolojia watakaopangiwa sharika za pwani, na wachungaji mlioko huko tayari, hamtangoja mpaka jengo hilo lijengwe. Mnaweza kuanza Jumamosi ijayo kwa benchi mbili na turubai nje ya mlango wa kanisa. Kabla ya kupanda mimbarani, tokeni kwanza mkatazame nani amesimama juani.